Mizani mbili zilikubaliana 1974. Za mpakani zinasubiri nini?

Asubuhi ya Jumatatu, Novemba 11, 1974, wanasayansi wawili walikutana katika maabara ya SLAC huko California, Marekani, kila mmoja akiwa na habari aliyodhani ni yake peke yake. Samuel Ting alikuwa ametoka upande wa pili wa nchi hiyo, ambako kundi lake lilifanya kazi katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York. Burton Richter alikuwa mwenyeji. Ting alieleza kwamba wamepata chembe mpya yenye uzito wa elektrovolti bilioni 3.1, kwa kipimo ambacho wanafizikia hutumia kwa vitu vidogo kiasi hicho. Richter naye alikuwa na chembe mpya, na uzito wake ulikuwa ule ule.

Hawakuwa wametumia chombo kimoja. Kundi la Ting lilipiga protoni kwenye kipande cha madini ya berili na kuchambua vilivyoruka kutoka humo. Kundi la Richter lilikwenda njia ya kinyume: liligonganisha elektroni na positroni, likipandisha nishati kidogo kidogo ili kuona ni wapi migongano hiyo inazaa kitu kisichotarajiwa. Ni kama shehena moja ya maharage ipimwe kwa mizani ya mawe Kasulu na kwa mizani ya kielektroniki Bujumbura, wapimaji wasijuane, halafu karatasi zote mbili zisome kilo zile zile. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anajua jambo hilo ni adimu kiasi gani.

Gazeti linalosomwa na wauza nafaka, vitenge na vipuri litaulizwa kwa nini linajaza nafasi kwa habari za chembe. Jibu ni kwamba miaka 50 ya kuchunguza chembe hizi nzito ni miongoni mwa mifano bora iliyopo ya namna watu wasioaminiana, wanaoshindana, na wanaotoka nchi tofauti, wanavyoweza kufikia namba moja ambayo wote wanaikubali. Afrika Mashariki ina sheria nyingi za pamoja. Inachokosa ni namba moja.

Kwanza chembe yenyewe. Protoni, iliyomo katika kiini cha kila atomu, si punje moja. Ndani yake mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki. Hadi mwaka huo wa 1974, aina tatu za kwaki zilitosha kueleza karibu kila kilichoonekana maabarani. Lakini mwaka 1970 Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walikuwa wameonyesha kwamba daftari halifungi bila aina ya nne, iliyokwisha kupewa jina la chamu ingawa hakuna aliyewahi kuiona. Chembe ya Ting na Richter ilikuwa kwaki ya chamu ikizungukana na kinyume chake, yaani mwenzake mwenye uzito ule ule lakini chaji iliyogeuzwa. Familia nzima ya jozi za namna hiyo huitwa kwakonia.

Kilichowashtua wanafizikia hakikuwa uzito wake, ambao ni zaidi kidogo ya mara tatu ya uzito wa protoni. Kilichowashtua ni kwamba ilichelewa kufa. Chembe nzito kiasi hicho ilitarajiwa kuvunjika haraka mara elfu moja hivi kuliko ilivyofanya. Sababu ni ya kibiashara kabisa. Ili jozi hiyo iachane kwa njia rahisi, kila upande hutakiwa kuchukua kwaki nyepesi na kuondoka nayo, na nauli ya safari hiyo ni elektrovolti bilioni 3.7. Chembe yenyewe mfukoni ina bilioni 3.1 tu. Basi inabaki imekwama stendi, pande zake mbili zikizungukana hadi ziangamizane. Hata hivyo maisha hayo marefu si marefu kwa saa ya mkononi. Sekunde moja ikikatwa vipande bilioni 140, na kila kipande kikakatwa tena vipande bilioni moja, chembe hiyo huishi karibu kipande kimoja.

Kitu cha namna hiyo hakionekani wala hakishikiki. Kinachoonekana ni mabaki yake. Katika kila chembe 100 za aina hiyo, karibu 6 hugeuka kuwa elektroni na positroni, na nyingine karibu 6 kuwa jozi ya muoni. Mabaki hayo hupita katika sumaku kubwa, njia zao zinapinda, na kutokana na mpindo huo hujulikana zilikuwa na kasi gani na zilielekea wapi. Aliyekuta pikipiki mbili kwenye njia ya panya, kila moja na nusu ya mzigo, akipima kila nusu na kujua zilikotokea, anaweza kusema mzigo mzima ulikuwa nini. Jozi nyingi zinazopatikana ni za bahati nasibu, na uzito wake hutawanyika ovyo kwenye chati. Zile zilizotoka kwa mzazi mmoja hurundikana mahali pamoja. Chati ya Brookhaven ilikuwa na matukio 242 yaliyojirundika kwenye bilioni 3.1, membamba kama mnara.

Mtu mwenye haraka angeita waandishi wa habari siku hiyo hiyo. Ting hakufanya hivyo. Aliwagawa watu wake katika makundi mawili yaliyochambua takwimu kila moja kivyake. Halafu wakapunguza nguvu ya umeme katika sumaku kwa asilimia 10, ili chembe zipite sehemu nyingine za chombo. Kama mnara ule ulikuwa kasoro ya chombo, ungehama. Haukuhama. Muuzaji wa sukari anayehamisha jiwe la mizani kutoka sahani ya kulia kwenda ya kushoto anafanya jaribio lile lile, ingawa ni wachache wanaokubali kulifanya mbele ya mteja.

Upande wa California kisa kilikuwa tofauti kidogo, na kwa maoni ya wengi kina manufaa zaidi kwa watu wa mipakani. Kundi la Richter lilikuwa limekwisha kupita eneo hilo miezi kadhaa kabla bila kuona kitu. Lilipandisha nishati kwa hatua za elektrovolti milioni 200, na mnara mwembamba ukaangukia katikati ya hatua mbili. Lakini vipimo vilivyochukuliwa karibu na bilioni 3.1 havikulingana vyenyewe kwa vyenyewe: mara juu, mara chini. Wangeweza kuvitupa, au kuchukua wastani na kuendelea na safari. Baadhi yao wakashikilia kwamba mashine irudishwe hapo na hatua zipunguzwe. Mwishoni mwa juma la Novemba 9 na 10 mashine ikarudishwa, na idadi ya matukio ikapanda karibu mara 100.

Habari ilipofika Italia, wanafizikia wa Frascati waligundua kwamba mashine yao, ADONE, iliyojengwa kuishia bilioni 3.0, ilikuwa imesimama hatua moja kabla ya hazina. Wakaisukuma kupita kikomo chake, na katika siku chache nao wakaiona. Jarida la Physical Review Letters lilichapisha taarifa zote tatu katika toleo moja, Desemba 2, 1974. Ting na Richter waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Jambo moja tu hawakuafikiana: Ting aliita chembe hiyo J, Richter akaiita psi, na kwa kuwa hakuna aliyeachia jina lake, hadi leo inaitwa J/psi. Uzito hawakubishania. Kinachostahili kubaki bila ubishi ndicho kilichobaki.

Leo uzito huo unajulikana kuwa elektrovolti milioni 3,096.900, ukiwa na shaka ya milioni 0.006 tu. Ni sawa na kupima lori la tani 30 za mahindi na kukosea gramu 60 hivi. Namba hiyo ya pili, ya shaka, ndiyo isiyoandikwa kwenye karatasi nyingi anazopewa mfanyabiashara. Mwanafizikia akileta kipimo bila kusema kinaweza kukosea kiasi gani, wenzake wanamchukulia kwamba hajapima.

Wala asidhani mtu kwamba watu hawa hawakosei. Mwaka 1976 kundi la Leon Lederman, katika maabara ya Fermilab karibu na Chicago, lilitangaza mnara mpya kwenye bilioni 6. Takwimu zilipoongezeka, mnara ukayeyuka. Wenzake wakautania kwa jina la Lederman mwenyewe, Leon, likitanguliwa na sauti ya mtu aliyeteleza. Hakufukuzwa, hakujificha, wala hakuanza kutetea namba yake kwa sababu ni ya taasisi yake. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo lilipata mnara mwingine karibu na bilioni 9.5, na huu ukasimama. Ulikuwa jozi ya kwaki nzito zaidi, ya tano, iitwayo botomu, na chembe yenyewe ikaitwa Upsiloni. Juu yake zikaonekana ndugu zake mbili, kwenye bilioni 10.0 na 10.4, kama ngazi za jengo moja.

Kisa kingine ni cha aibu zaidi. Mwaka 2003 watafiti nchini Japani walitangaza chembe ya kwaki tano nyepesi. Karibu majaribio 10 katika nchi mbalimbali yakasema nayo yameiona. Ilionekana suala limekwisha, maana kila jirani alikubali. Kisha mwaka 2005 maabara ya Jefferson nchini Marekani ikarudia jaribio kwa takwimu nyingi zaidi, na hakukuwa na kitu. Wengi walikuwa wameona walichotarajia kuona. Kwa hiyo kukubaliana peke yake hakutoshi. Lazima iwepo nafasi ya mtu kusema hapana, na takwimu zake zisomwe hata kama zinaharibu sherehe. Ndiyo sababu fani hiyo haitangazi ugunduzi mpaka uwezekano wa bahati nasibu ushuke chini ya mmoja katika milioni 3.5.

Sasa mpakani. Machi 2021 Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wanasiasa wa pande zote walizungumza. Madereva walilala na mizigo yao. Katika kelele zile, swali la mwanafizikia lilisikika kwa nadra sana: sampuli ilichukuliwaje, na namba hiyo inaweza kukosea kiasi gani?

Swali hilo si la kisomi. Sumukuvu haisambai katika gunia kama chumvi katika maji. Hukaa katika punje chache zilizoota ukungu, na punje hizo zinaweza kuwa kwenye kona moja ya lori. Mpimaji mwaminifu wa Arusha akichota mahali pamoja na mpimaji mwaminifu wa Nairobi akichota pengine, wanaweza kupata majibu mawili yanayopingana bila yeyote kusema uongo. Hapo ndipo hatua za milioni 200 za Richter zinaporudi. Anayechota mara mbili katika lori zima anaweza kuruka mnara. Anayechota mara mia na kusaga pamoja hataruka. Kosa likiwa kwenye uchotaji, hakuna mashine ghali ya maabara itakayolirekebisha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo Sheria ya mwaka 2006 inayohusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji, iliyoweka msingi wa nchi kutambuana. Inayo sheria ya kudhibiti uzito wa magari, yenye kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Inavyo vituo vya pamoja vya mpakani, Namanga, Malaba, Busia, Rusumo, Mutukula na kwingineko, ambako maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Karatasi zipo. Lakini paa moja halileti namba moja. Afisa anayekataa cheti cha jirani kwa sababu tu ni cha jirani anafanya kile ambacho Richter angefanya kama angemwambia Ting arudi New York na chembe yake. Na afisa anayekipokea bila kuuliza kilipatikanaje anarudia kosa la mwaka 2003. Kinachotakiwa ni cha tatu: kuuliza, kujibiwa kwa maandishi, na kupima pamoja pale majibu yanapotofautiana.

Wakosoaji watasema mfano huu umependelea mno, kwamba wanafizikia hawana ushuru wa kulinda wala wakulima wa kuridhisha. Ni kweli kwa sehemu. Lakini wana vitu vingine vya kulinda: heshima, fedha za utafiti, bendera. Vita baridi vilipokuwa vimepamba moto, nchi 12 za Ulaya, nyingine zikiwa zimetoka kuuana miaka michache tu nyuma, zilianzisha CERN. Mkataba wake ulianza kutumika mwaka 1954. Kila nchi huchangia kulingana na pato lake, matokeo lazima yachapishwe, na kazi ya kijeshi imekatazwa. Wala haikujengwa katikati ya nchi moja. Iko mpakani.

Wasomaji wa safu hii watapenda jambo hilo. Njia kuu ya CERN ni handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27, karibu mita 100 chini ya ardhi, likipita Uswisi na Ufaransa. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Juu ya ardhi mpaka una forodha kama mpaka mwingine. Chini, protoni moja inazunguka handaki hilo zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, na katika kila mzunguko inatoka Uswisi kwenda Ufaransa na kurudi, bila muhuri, bila wakala, bila kuulizwa cheti cha uasili.

Katika handaki hilo ndimo kwakonia zinakochunguzwa leo kwa wingi kuliko wakati wowote. Mwaka 2015 jaribio la LHCb lilitangaza chembe za kwaki tano zenye jozi ya chamu ndani yake, na mara hii ushahidi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu waliokuwa wameumwa na nyoka wa 2003 walikubali. Mwaka 2019, kwa takwimu zaidi, mnara mmoja kati ya ile ya awali ulionekana kuwa miwili iliyokaribiana. Mwaka 2025 makundi mawili hasimu ndani ya handaki hilo, CMS na ATLAS, kila moja na chombo chake, yalitoa ishara za kwaki nzito kuliko zote, topu, ikijaribu kushikana na kinyume chake kabla haijafa. Jambo ambalo kwa miongo mingi lilidhaniwa halitaonekana, kwa kuwa topu hufa upesi kupita kiasi.

Ipo na chembe moja ambayo inakera kila mtu. Jaribio la Belle nchini Japani liliipata mwaka 2003, na uzito wake ni milioni 3,872. Tatizo ni kwamba uzito huo unalingana, karibu senti kwa senti, na jumla ya chembe mbili nyingine zenye chamu zikiwekwa pamoja. Je, ni kifurushi kimoja cha kwaki nne, au ni vifurushi viwili vilivyofungwa kwa uzi mwembamba? Maabara za Marekani zilithibitisha kwamba ipo, LHCb mwaka 2013 ikathibitisha tabia yake ya mzunguko, na bado hoja ya ndani yake mna nini inaendelea. Mwaka huo huo wa 2013, jaribio la BESIII la Beijing na Belle la Japani zilitangaza pamoja chembe nyingine kwenye milioni 3,900 ambayo ina chaji, na jozi ya chamu peke yake haiwezi kuwa na chaji. Lazima kuwe na kwaki nne. China na Japani zina ugomvi wao wa visiwa na wa historia. Namba zao zilikubaliana.

Na Afrika? Hakuna nchi ya bara hili iliyo mwanachama kamili wa CERN. Afrika Kusini ina watafiti wake katika ALICE, jaribio linalotumia J/psi kama kipimajoto: viini vizito vikigonganishwa, joto lake huyeyusha jozi za chamu, kama Tetsuo Matsui na Helmut Satz walivyobashiri mwaka 1986, na idadi ya zilizosalia hueleza joto lilikuwa kiasi gani. Morocco iko katika ATLAS, Misri katika CMS. Ukanda wa Afrika Mashariki una mlango wake Kigali, kwenye Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, inayoshirikiana na kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, na inayopokea wanafunzi kutoka nje ya Rwanda. Ni mlango mmoja kwa Jumuiya ya nchi nane.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapotokea, na linastahili jibu la kweli. Kwaki ya chamu haitashusha bei ya unga. Anayeahidi hivyo anadanganya. Chembe inayoishi muda mfupi kiasi hicho haiwezi kutiwa kwenye gunia, na hakuna kiwanda chochote duniani kinachoitumia.

Lakini mashine iliyoigundua ni habari nyingine. SLAC ilijengwa kuzunguka bomba la kilomita 3.2 ambamo elektroni husukumwa na mawimbi ya redio hadi karibu na kasi ya mwanga. Mdogo wake, wenye urefu usiozidi sana mita moja, unakaa ndani ya skana nyingi za makontena bandarini na mipakani. Elektroni zinasukumwa, zinapiga kipande cha metali nzito, na mionzi inayotoka inapenya chuma cha kontena na kuonyesha kama kilichoandikwa kwenye fomu ndicho kilichomo. Lori linalopita kwenye skana limepita mbele ya mjukuu wa mashine ya Richter. Mjukuu huyo anapougua, wenye malori ndio wanaolipa siku za foleni wakati fundi anatafutwa.

Mjukuu mwingine hutibu saratani, kama katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ukanda huu umewahi kuonja ukosefu wa mashine na mafundi. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, ya aina ya zamani ya kobalti, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa, na wagonjwa waliokuwa na uwezo au waliopata msaada wakavuka mpaka kwenda kutibiwa Kenya. Mpaka uliwaokoa. Lakini nchi yenye mashine moja ya jambo la uhai na kifo haikupaswa kuwa peke yake tangu mwanzo.

Hoja basi si kwamba kila nchi ijenge maabara yake ya chembe. Hata Ujerumani na Ufaransa hazikufanya hivyo peke yao kwa mashine kubwa. Hoja ni kuchanga. Jordan ina mashine ya mwanga iitwayo SESAME, iliyofunguliwa mwaka 2017, na wanachama wake ni pamoja na Iran, Israeli, Palestina, Misri, Pakistani na Uturuki. Kama hao wanaweza kugawana bili ya umeme, Dodoma na Nairobi, ambazo ugomvi wao mkubwa huwa juu ya vifaranga na mahindi, hazina kisingizio. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Jumuiya iko Kigali. Baraza la Vyuo Vikuu liko Kampala. Ombi moja la pamoja la kuingiza watafiti na mafundi wa ukanda huu katika majaribio kama ALICE au LHCb lingegharimu sehemu ndogo tu ya kila nchi kwenda kivyake, na wale watakaorudi watakuwa wamezoea jambo moja muhimu kuliko chembe yenyewe: kutoa takwimu zao kwa mpinzani azipekue.

Wakati ombi hilo likizunguka ofisini, liko lisilohitaji handaki wala sumaku. Lori moja la mahindi lichotwe kwa utaratibu mmoja, yasagwe, yachanganywe mpaka yalingane, yagawanywe katika mifuko isiyo na jina la nchi, na ipelekwe kwa maabara za viwango za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kila moja ipime bila kuona jibu la mwenzake. Ulinganisho wa namna hii si mgeni kwa wataalamu wa maabara. Kinachotakiwa ni majibu yake yasilale kwenye faili. Yabandikwe ukutani Namanga, Malaba, Rusumo na Kobero, mahali ambapo dereva anasubiri muhuri, kila maabara kwa jina lake, na kando ya kila namba iandikwe inaweza kukosea kiasi gani.